Kiapo Chini ya Bwawa

Kila kitu kiliharibika siku ya Jumanne, ile Jumanne ya mwisho ya kula nyama kabla ya Kwaresima, katikati ya asubuhi, wakati jikoni kwa bwana wanakaanga mayai kwa mafuta ya nguruwe na mimi nimesimama darajani nanyeshewa. Watu wa Wetherholt husema mambo yaliharibika Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo tulimpata. Wanakosea. Mimi ndiye mlinzi wa mabwawa. Najua maji yalianza lini.

Jina langu Hamo, mwana wa Ailwin. Baba yangu alikuwa mtwana wa shamba hili, na mimi ni mtwana wa shamba hili. Wakitaja mali ya bwana hunitaja baada ya ng'ombe na kabla ya mizinga ya nyuki. Sikusoma. Ninachokijua ni udongo, maji na samaki. Na nilimjua Hawise.

Habari yake nataka niiseme mwenyewe, maana wakubwa wameshaanza kuisema kwa midomo yao.

Bwawa Kubwa, lile linalolisha mabwawa mengine na kulijaza maji handaki linalozunguka nyumba ya bwana, hukaushwa kila mwaka wa nne. Kwaresima tunainua lango la maji, maji yanateremka, samaki tunawabeba na majani mabichi hadi kwenye vibwawa vya nyuma ya jiko. Halafu sakafu ya bwawa inapigwa na jua, inalimwa, inapandwa shayiri kiangazi kimoja. Baadaye tunaziba tuta linalozuia maji kwa udongo na kurudisha maji. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na babu yangu, na samaki wakanenepa, wakaliwa na watu wengine.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya kukausha. Madema, vikapu vya fito vya kubebea samaki, tuliletewa na Thurstan, msusi wa fito anayekaa ng'ambo ya kijito. Thurstan ni muungwana, mtu huru. Ardhi yake ni yake, baraza la bwana haliwezi kumwita, na kichwa chake hukiinamisha kanisani tu. Siku ile goti lilimuuma, akamtuma binti yake.

Nilimwona anashuka tutani na madema sita mgongoni, anakuja moja kwa moja kwenye tope.

"Usikanyage hapo!" nikampigia kelele.

"Mbona wewe umekanyaga?"

"Mimi nimezoea."

"Na mimi nitazoea," akasema, akapiga hatua moja, akazama mpaka magotini.

Nilimshika kwapa nikamvuta. Alitoka na mguu mmoja mtupu, uso umejaa matone ya tope, macho ya kijivu yananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzamisha.

"Kiatu changu!"

Kilikuwa kiatu cha mti, kimeshamezwa. Nikamwambia, "Hicho sahau. Kilicho ndani ya bwawa ni cha bwana."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata wewe?"

Watu wengine wangeuliza swali lile kwa kunicheka. Yeye aliuliza, halafu akasubiri jibu. Nikashindwa kumtazama.

"Hata mimi," nikasema.

Hakusema pole. Aliniangalia kitambo kirefu, kisha akafuta tope shavuni mwangu kwa kidole gumba, kama mama anayefuta uji mdomoni mwa mtoto, akaenda zake akichechemea kwa kiatu kimoja. Tangu siku ile nafsi yangu haikutulia tena. Na Thurstan hajapata kuuza madema mengi kama mwaka ule. Kila wiki binti yake aligundua kwamba nyumba ya bwana imepungukiwa na dema moja.

*

Tulioana mwezi wa nane, shayiri ikiwa imekatwa, kwenye sakafu kavu ya bwawa. Hapakuwa na padri wala mtu mwingine. Kwetu mwanamume na mwanamke wakitamkiana maneno ya ndoa kwa hiari yao, wameoana. Padri atakasirika, atawapa kitubio, lakini kuwafungua hawezi.

Tulikaa juu ya mabua, jua la jioni mgongoni. Pande zote tuta limetuzunguka kama kingo za sufuria, hakuna aliyeweza kutuona isipokuwa ndege.

"Unajua ukiolewa na mimi unakuwa nini?" nikamuuliza.

"Nakuwa mkeo."

"Unakuwa mtwana, Hawise. Siku zote nitakazokuwa hai, na wewe ni mali ya bwana. Ukitaka kwenda gulioni mji wa pili utaomba ruhusa."

"Baba ameniimbia wimbo huo tangu nina meno ya utoto. Hata kibwagizo nakijua."

"Anasema nini kwenye kibwagizo?"

"'Binti yangu hataolewa na mtu anayenuka chura.'" Akaninusa shingoni. "Na kweli unanuka chura."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika ganda la fito mkononi, anasuka bila kuangalia, kama babake. Pete mbili zikatoka.

"Hamo, siogopi kuwa mali ya bwana. Naogopa kitu kimoja tu. Siku wakikuuliza mbele za watu, utanikana?"

"Kwa nini nikukane?"

"Kwa sababu ukisikia sauti ya mkubwa unakunja mabega. Nimekuona. Fulk msimamizi akipita unakuwa mfupi."

Maneno hayo yalinichoma, maana yalikuwa ya kweli. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Sitakukana. Hata mbele ya askofu. Hata mbele ya mfalme mwenyewe." Kisha nikasema yale maneno: "Mimi Hamo nakutwaa wewe Hawise uwe mke wangu, tangu leo hata kifo."

"Na mimi Hawise nakutwaa wewe Hamo uwe mume wangu," akasema, "pakavu na majini."

Hayo ya mwisho aliyaongeza mwenyewe. Hayamo katika maneno ya kanisa.

"Ikifika Noeli hapa patakuwa na maji yenye kina cha kukupita wewe," nikamwambia.

"Vizuri. Hakuna atakayekuja kukalia mahali petu."

*

Tuta la bwawa halijengwi kwa haraka. Unaweka udongo wa mfinyanzi tabaka moja, shubiri moja tu. Unaumwagia maji, unaukanyaga kwa miguu mitupu mpaka haubaki na tundu hata la kupitisha pumzi. Unauacha utulie. Halafu tabaka jingine. Ukiruka tabaka moja, maji yataligundua kabla yako.

Bwana Fulk, msimamizi, aliyaruka matabaka manne.

"Jazeni udongo wa shamba hapo juu, fukieni na majani," aliamuru, amekaa juu ya farasi wake. "Nataka maji kabla ya Noeli."

"Bwana Fulk, litavuja. Udongo wa shamba haushiki."

"Hamo, ulishamwona bwana anakula udongo?"

"Hapana, Bwana Fulk."

"Anakula samaki. Jumatano ya Majivu nataka samaki mezani, na siku arobaini baada ya hapo. Kazi yako ni kusema ndiyo."

Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa aliwashuku watu kwamba watafungua lango na kuiba samaki, akauchukua mtarimbo wa kuinulia lango, akaufungia chumbani kwake. Lango la mwaloni lile, bila mtarimbo, watu kumi hawaliinui. Akaniachia mimi, mlinzi wa mabwawa, bwawa lisilofunguka.

Wakubwa wako hivyo. Hawasikii maji mpaka yaingie viatuni mwao.

*

Basi Jumanne ile mvua ilikuwa siku ya tatu. Asubuhi nilikuta tuta linatoa jasho, upande wa chini, pale pale palipojazwa udongo wa shamba. Jasho likawa machozi, machozi yakawa mkondo mwembamba kama kidole. Nilikuwa nakanyaga udongo mpya hapo, peke yangu, wengine wote wameshaanza sikukuu yao, nikamwona Hawise anakuja mbio tutani, amekumbatia furushi la nguo.

"Nimemwambia," akasema, hata pumzi hajavuta.

"Nani?"

"Baba. Asubuhi hii, hajamaliza hata uji wake."

"Hawise! Tulisema baada ya Pasaka!"

"Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza."

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Nenda kwa mtwana wako.'" Akajaribu kutabasamu. "Basi nimekuja."

Mungu anisamehe. Mwanamke amefukuzwa kwao kwa ajili yangu, amesimama mvuani na furushi, na mimi nikamkaripia.

"Leo? Bwawa linataka kupasuka, wewe unaniletea Thurstan?"

Alinitazama kama siku ile ya kiatu. Akaweka furushi chini.

"Nilidhani utafurahi," akasema polepole.

Akatazama chini, akauona mkondo, akaelewa. Binti wa msusi anajua kazi. Akavua viatu vyake vya mti, akakunja gauni, akaingia udongoni kando yangu.

"Hapa?"

"Hapo."

"Mimi nitakanyaga. Wewe nenda kalete mtarimbo kwa Fulk, ufungue maji. Na ukiwa huko huko, mwambie una mke."

"Nitamwambia."

"Leo, Hamo?"

"Nimesema nitamwambia! Wewe kanyaga hapo hapo. Usitoke mpaka nirudi."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Sikusema asante. Sikusema nimefurahi. Usitoke mpaka nirudi.

Nikakimbia. Mlangoni mwa nyumba ya bwana, penye daraja la handaki, alikuwapo Gervase, mzee wa miguu mibovu, anatafuna ngozi ya nguruwe.

"Hamo! Unanuka samaki wa Ijumaa, na leo ndio kwanza Jumanne."

"Gervase, mwambie Bwana Fulk nataka mtarimbo. Tuta linakwenda."

"Yuko mezani na wageni."

"Mwambie!"

Akaenda akijikokota. Nilisikia vicheko ukumbini. Akarudi, mwenyewe anacheka kidogo, kwa aibu.

"Anauliza, tangu lini samaki wakazama? Anasema usubiri hapo darajani mpaka wageni wainuke."

"Gervase, kuna mtu juu ya lile tuta."

"Mimi nimekwambia nilichoambiwa, ndugu yangu. Nikirudi mara ya pili nitapigwa."

Nikasubiri. Ningeweza kumsukuma mzee yule kwa kiwiko, nikapita, nikaingia ukumbini na matope yangu nikapindua meza. Au ningerudi mbio nikamtoa mke wangu pale. Sikufanya hili wala lile. Watu wetu tumefundishwa kusubiri darajani tangu tumboni. Nilisimama, harufu ya mayai inanijia puani, nawaza nitakavyomwambia Fulk kuhusu Hawise, natafuta maneno yasiyomkasirisha.

Halafu maji ya handaki chini ya miguu yangu yakabadilika rangi.

Yalikuwa ya kijani, yakawa kahawia. Yakaanza kupanda. Yakaja na majani, na samaki wanapinduka matumbo meupe juu, na katikati ya samaki, kikizunguka taratibu, kiatu kimoja cha mti.

Nyuma yangu maji yaliingia uani, na ndipo wageni wakainuka mezani.

*

Usiniulize niliyoyaona tutani. Palikuwa na pengo la upana wa mkokoteni, na mvua.

Jumatano, watu wakiwa bado na majivu kwenye paji la uso, Fulk alipiga pembe akaita watu wote wa shamba. Nilidhani ni kwa ajili ya kumtafuta. Ilikuwa kwa ajili ya samaki. Waokotwe kabla ya korongo na kunguru, alisema, waoshwe, watiwe chumvi. Tulibaki wawili wa kumtafuta Hawise: mimi, na Thurstan aliyekuja na goti lake bovu, hanisemeshi, simsemeshi.

Tulimkuta kwenye uzio wa fito unaozuia samaki wasitoroke bwawa la pili. Uzio ule aliusuka Thurstan mwenyewe. Ulikuwa umesukwa vizuri. Ulimdaka binti yake na haukumwachia.

Alhamisi sikujua pa kwenda. Nikashuka kwenye sakafu ya Bwawa Kubwa, mahali petu. Bwawa tupu tena, tope linameta. Nikamkuta Thurstan amekaa pale pale, juu ya dema lililopinduliwa.

"Alinionyesha kwa kidole, Jumanne," akasema bila kugeuka. "Kutoka mlangoni kwetu. Akasema, 'Baba, niliolewa pale, chini ya maji.' Nikadhani amerukwa na akili."

"Hakurukwa."

"Najua. Kaa."

Nikakaa topeni. Mkononi alikuwa na pete ndogo ya ganda la fito, imelowa, imelegea.

"Alikuwa nayo kidoleni," akasema. "Nimeivua kabla wanawake hawajamwosha. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi."

"Nipe."

"Sikupi. Nisikilize kwanza, we mla tope. Nilikuchukia jana, ninakuchukia leo, na kesho Mungu akipenda nitaendelea. Lakini leo nina haja na wewe." Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. "Jumatatu anapita hakimu wa mfalme. Muungwana akiuawa, baba yake anasimama mbele ya hakimu na kumtaja muuaji kwa jina. Na mimi nitasema: Fulk. Aliambiwa tuta litavuja, akachukua mtarimbo, akaagiza watu wasubiri mpaka ale. Gervase atasema. Ameniapia atasema."

"Hata mimi nitasema!"

"Kumbe huelewi. Kama Hawise ni binti yangu, basi ni muungwana, na shauri ni la mfalme. Kama ni mkeo, alikufa akiwa mtwana. Shauri la mtwana linasikilizwa wapi?"

Nilijua wapi. Nimesimama pale mara nyingi. "Barazani kwa bwana."

"Na kwenye kiti anakaa nani?"

"Fulk."

Kunguru akatua, akanyofoa kitu topeni, akaruka.

"Padri Odo atauliza kesho mlangoni pa kanisa," Thurstan akasema. "Wakati wa kumzika. Watu wananong'ona, itabidi aulize. Sema hukumwoa. Neno moja tu, Hamo. Hakuna shahidi. Mimi nitasema sijui lolote, Mungu atanihukumu baadaye."

"Nilimwapia sitamkana."

"Mimi nilimwapia nini siku anazaliwa? Kwamba atakufa akikanyaga udongo wa mtu?"

"Usinisemeshe kuhusu viapo, Thurstan! Jumanne ulimfukuza. Alikuja na furushi, analia. Akiwa hai humtaki, leo amekufa ndio unamtaka?"

Niliyasema ili yamuume. Yalimuuma. Mzee yule aliyekuwa hainami mbele ya mtu alijikunja mpaka kichwa kikagusa magoti.

"Nilimwambia nenda kwa mtwana wako," akasema, sauti inatoka chini chini. "Nilisema hivyo. Nilikuwa na kijiko mkononi, nikakitupa ukutani. Sasa nataka arudi nyumbani. Basi. Nataka azikwe na taji la wasichana, kando ya mama yake, kama binti yangu, na yule mtu aning'inizwe. Wewe ulimwambia nini mara ya mwisho?"

Nikamwambia.

Tulikaa wote wawili pale chini, baba mkwe na mkwe, hatujagusana. Kabla hajaondoka akaingiza pete kifuani mwake.

"Mkane," akasema, "umlipie kisasi. Au mkiri, umpoteze bure. Mimi nisingependa kuwa wewe."

*

Ijumaa mvua ilikatika. Walimleta juu ya jeneza la parokia, sanda imeshonwa mpaka kidevuni, uso wazi. Wasichana wanne wa kijiji walivaa nguo nyeupe, na mmoja wao ameshika taji, maua madogo meupe yale yanayotoboa theluji, yamefungwa kwenye fito. Bikira akizikwa huwekewa taji hilo kifuani. Mke wa mtu hawekewi, naye hulazwa upande wa watu wa mumewe. Watu wetu wanalala upande wa kaskazini, ambako jua halifiki.

Fulk alikuja. Hajawahi kuja kwenye maziko ya watu wa chini, lakini siku ile alikuja, na mishumaa minne ya nta kutoka nyumba ya bwana. Akaniwekea mkono begani. Nikahisi mabega yangu yanajikunja yenyewe.

"Pole, Hamo," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mkeo alikuwa mwanamke shupavu. Tutamzika kama mmoja wa watu wetu."

Mkeo. Miezi sita nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Nililisubiri kwa Padri, kwa Thurstan, kwa majirani. Nilitaka mtu, hata mmoja, alitamke mchana kweupe, nami nigeuke nimwone Hawise akicheka. Wa kwanza kulitamka mbele za watu akawa yule aliyemuua. Aliniangalia machoni, na ndani ya macho yake nikaona anajua hesabu ile ile aliyoijua Thurstan.

Watu wakageuka. Gervase alikuwa anakunjakunja kofia yake. Thurstan alisimama kichwani mwa jeneza, mkono kifuani, pale ilipo pete.

Padri Odo akatoka mlangoni. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi, na alikuwa na uso wa mtu aliyetamani kuwa parokia nyingine. Akachukua taji kutoka kwa msichana, akalishika juu ya jeneza, hajaliweka wala hajaliondoa.

"Thurstan," akasema, "binti yako aliolewa?"

"Sijui lolote, Baba Padri."

"Kuna mtu aliyeona, aliyesikia?"

Watu wakatazama chini. Fulk akakohoa, akanikazia macho.

Nikamtazama Hawise. Chini ya kucha zake wanawake walikuwa wameshindwa kuutoa udongo. Udongo wa mfinyanzi ukishakauka hautoki. Alikanyaga mpaka mwisho, na pengine aliinama akaziba kwa mikono. Hakutoka. Nilimwambia asitoke na hakutoka, mwanamke yule ambaye maisha yake yote hakumtii mtu.

"Basi limebaki neno lako peke yako," Padri Odo akaniambia, taji bado liko mikononi mwake. "Hamo, mwana wa Ailwin, mbele ya Mungu na mbele ya huyu aliyelala hapa: alikuwa mke wako, au hakuwa?"